Aliyejiita Mtoto wa Poitier

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kwa nini familia za mjini zenye mali na elimu hutapeliwa na mtu asiye na silaha ila ulimi mtamu. Kwa maoni yangu, huponzwa na adabu yao wenyewe, na kisa kinachonisadikisha ni cha David Hampton, kijana wa Buffalo aliyewahadaa watu wa New York mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 19.

Hampton alitaka kuingia Studio 54, klabu ya usiku iliyochagua wateja wake mlangoni, na alipojitambulisha kuwa mtoto wa Sidney Poitier, mwigizaji wa kwanza mweusi kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, akapishwa. Tangu hapo akawa David Poitier, akala bure katika mikahawa, kisha akaanza kubisha hodi kwenye nyumba za wakubwa. Maneno yake yalikuwa tayari: mara ameporwa, mara ndege ya Los Angeles imemwacha na mizigo yake imo ndani. Lililowalegeza zaidi wenyeji wake ni dai kwamba anafahamiana na watoto wao.

Hebu tutulie hapo. Mzazi ambaye mwanawe yuko chuoni, akisikia kwamba rafiki wa mwanawe amekwama usiku mjini, hufikiria kwanza chakula na mahali pa kumlaza, na kumdai mgeni wa namna hiyo kitambulisho huona ni utovu wa adabu. Mmoja wa waliompokea alikuwa Osborn Elliott, mkuu wa shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Columbia na mhariri wa zamani wa jarida la Newsweek, mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kuhakiki habari. Poitier alikuwa na mabinti sita na hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja, jambo ambalo mwandishi chipukizi angeweza kulithibitisha kwa simu. Naamini pia kwamba Wazungu waliojivunia kutokuwa na ubaguzi waliona vigumu mno kumtilia shaka kijana mweusi mwenye jina kubwa, na Hampton aliijua haya hiyo na kuitumia bila huruma. Asubuhi baada ya kulala kwa Elliott, Hampton alikutwa kitandani na mwanaume mwingine ambaye yeye Hampton alimwingiza kwa siri, akafukuzwa.

Alikamatwa Oktoba mwaka huohuo, na mahakama ikamwamuru alipe fidia ya dola 4,490. Kwa familia zile, hizo hazikuwa fedha za kuwanyima usingizi. Ninavyoona mimi, kilichowauma wazazi hao ni kwamba mtu wasiyemjua aliingia hadi chumba cha kulala kwa kuwataja watoto wao.