Kabla hujatoa kiingilio: jinsi ninavyosoma bango la muziki wa laivu hapa Mbeya

Kutoka Kabwe mpaka Mafiati wiki hii nimehesabu mabango 11 kwenye nguzo, achilia mbali yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Msimu ndio huu. Mpunga wa Kyela na Usangu umeshavunwa, mahindi yako ghalani au yameshageuka hela, na Nanenane inanukia. Wageni wa maonyesho kwenye viwanja vya John Mwakangale wataanza kujaza gesti, na wenye kumbi wanajua kwamba mtu aliyetoka kwao na hela za mavuno halali saa mbili. Kwa hiyo kila ukumbi una usiku wake: usiku wa zilipendwa, usiku wa Mnyakyusa, usiku wa bendi laivu, usiku wa sijui malkia gani.

Mimi nimekaa pande zote mbili za jukwaa. Miaka minne nilipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ndogo ya kupiga kopi hapa mjini, Ijumaa na Jumapili, na bendi ilipovunjika nikawa mlipa kiingilio kama wewe. Nimepigwa mara nyingi kiasi kwamba mama watoto ananiita mfadhili wa sanaa. Nawaandikia wadogo zangu mnaotaka kutoka wiki hizi msije mkafadhili kama mimi.

Neno la kwanza la kulitilia shaka ni hilo hilo "laivu". Mwaka juzi nilitoa elfu kumi kwa bango lililoandika BENDI LAIVU kwa herufi kubwa kuliko jina la ukumbi. Ndani nikakuta kinanda kimoja, kompyuta mpakato, na kijana anaimba juu ya wimbo wake mwenyewe. Wimbo wa tatu shabiki mmoja akamtunza, noti ikadondoka. Kijana akainama kuiokota, maiki iko chini ya goti, na sauti yake ikaendelea na kiitikio bila kuyumba. Watu wakacheka, wengine wakaendelea kucheza. Mimi nilienda kukaa kaunta nikamaliza soda yangu kwa hasira.

Tangu siku hiyo napiga ile namba ya chini ya bango. Usiulize kama bendi ni laivu, maana hapo kila mtu atakujibu ndiyo kaka, karibu sana. Uliza hivi: mpiga drams ni nani? Mwenye bendi ya kweli atakutajia jina hapo hapo, au atakwambia ni yule kijana mrefu aliyekuwa anapiga kanisani. Wa plebeki, anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa, atakuuliza, "Kwani unataka nini?" Ukipata jibu zuri, ongeza la pili: vyombo mnavijaribu saa ngapi? Wakisema saa kumi jioni, hao wana fundi mitambo na wana nia. Na siri ndogo: ukipita ukumbini muda huo unasikia nusu saa ya muziki bure, na unajua kabisa kama besi inasikika au inanguruma tu kama lori linapanda mlima.

Sasa suala la baridi, ambalo bendi za Dar hazilielewi mpaka ziumbuke. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi, na usiku wa Julai unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Gitaa linatyuniwa saa kumi jua likiwa bado linachoma bati. Saa nne usiku, ukumbi uko wazi pembeni na upepo unateremka kutoka mlima Loleza, nyuzi za chuma zimepoa, zimejikaza, sauti imepanda. Kinanda hakijui baridi, kimebaki pale pale. Ndiyo maana wimbo wa kwanza unasikika kama watu wawili wanaogombana kwa adabu. Wasikilizaji wanasema bendi mbovu. Hapana, subiri. Angalia kama baada ya nyimbo mbili wapiga magitaa wanasogeleana, wanainamisha vichwa na kutyuni upya. Wakifanya hivyo, kaa, umepata bendi. Wakiendelea tu huku mwimbaji anazidisha kelele kufunika, malizia kinywaji chako uondoke. Mimi enzi zangu nilikuwa naweka glasi ya chai ya moto juu ya spika. Siyo ya kunywa, ya kushika kati ya wimbo na wimbo, maana vidole vya rizimu vikiganda huwezi kukimbia na chemko, ile sehemu ya wimbo inayokwenda kasi.

Ngozi nayo ina tabia yake, kinyume na nyuzi. Umande ukiingia, ngoma inalegea. Nililijua hili kwa kusimuliwa, lakini sikulielewa mpaka nilipoombwa kusaidia kupanga usiku wa utamaduni kwenye ukumbi mmoja ambao sitautaja. Tulileta kikundi kutoka Rungwe, watu wa ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, wazee kwa vijana, na ngoma zao kubwa zimefungwa juu ya Noah. Wakafika saa moja. Kiongozi wao akauliza moto uko wapi. Mwenye ukumbi akasema moto hapana, ameweka marumaru juzi. Saa tatu ikafika, ngoma zikapigwa, zikalia kama ndoo za plastiki. Wachezaji wanaruka, filimbi zinapulizwa, lakini miguu haina pa kukanyaga kwa sababu mdundo haupo. Yule mzee akaja kuninong'oneza, "Mwanangu, ngoma imelala. Ngoma iliyolala haichezeki."

Nikamchukua nyuma, jikoni, kwenye jiko la nyama choma. Mchoma nyama alilalamika, nikamnunulia soda. Mzee akaikalisha ngoma ya kwanza pembeni ya makaa, mbali kidogo kama unavyomkausha mtoto aliyeoga, akawa anaizungusha polepole huku anagonga katikati kwa kidole kimoja na kuinamisha sikio. Tu. Tu. Tu. Baada ya dakika kama kumi ikawa ti, halafu ikawa ting'. Akatabasamu, akaitoa, akaleta ya pili. Waliporudi ukumbini, pigo la kwanza lilifanya mhudumu asimame na trei mkononi. Akina mama wa Kinyakyusa waliokuwa wamejifunika vitenge kwenye meza za nyuma wakaanza kusogea mbele mmoja mmoja, na hawakurudi kukaa mpaka saa sita.

Kwa hiyo ukiona moto umewashwa nje ya ukumbi, hata wa maboksi na nyasi, toa kiingilio bila kuuliza. Na kama wewe ndiye mwenye ukumbi, tafuta kona ya moto kabla hujatafuta taa za rangi.

Mabango ya usiku wa utamaduni pia yanasomeka. Likiandika "ngoma za asili" tu, nina wasiwasi: mara nyingi ni vijana watano wa mjini wamevaa majani, wanacheza kila kabila kwa hatua zile zile. Likitaja ngoma kwa jina lake na kikundi kinatoka kijiji gani, ujue kuna mtu alifunga safari akaenda kuongea nao. Lizombe ya Wangoni siyo ing'oma. Na mganda, ambao watu wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa na Mbamba Bay wanaujua vizuri, ni kitu kingine kabisa: wanaume wamevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wanakwenda kwa mistari kama askari wa gwaride, kwa sababu ngoma hiyo ilijengwa kwa kuiga gwaride na bendi za kijeshi za wakati wa ukoloni. Badala ya tarumbeta wana vibuyu vinavyovuma wakivipuliza. Mtu anayeuangalia bila kujua hilo atadhani ni mchezo wa shule. Anayejua ataona babu zetu walivyomchukua mkoloni na mwendo wake wakamfanya kiburudisho.

Walioko Iringa mna lenu. Kwanza, bango la usiku wa Kihehe la mwezi wa nane likikuahidi ulanzi mbichi, pombe ya mwanzi, uliza umetoka wapi. Mwanzi unagemwa wakati wa mvua. Kiangazi hiki utapewa kitu kingine kwenye kikombe kile kile. Pili, likitaja ligombo, nenda hata kama ni kwa basi la usiku. Ligombo ni ala ya nyuzi ya Wahehe, mpigaji anasimulia huku anapiga, sauti ndogo inayotaka watu wanyamaze. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipopita Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950 aliirekodi huko Iringa, na leo si ala unayokutana nayo kila wiki. Ila usikae karibu na kaunta, utasikia chupa tu.

Zilipendwa ndizo zinazonikera kuliko zote, kwa sababu nazipenda. Iringa ya miaka ya 1980 ilikuwa na bendi iliyotikisa nchi nzima, Tancut Almasi, ikimilikiwa na kiwanda cha kukata almasi. Ndiyo, kiwanda cha almasi kilikuwa na bendi. Wakati ule mashirika ya umma yalinunua vyombo na kuajiri wanamuziki, na mapacha kutoka Zaire, Kasaloo na Kyanga, waliimba Iringa kama vile ndiyo Kinshasa. Mwanamuziki John Kitime naye alipita humo. Mfumo ule ulipokufa, vyombo havikubaki kwa wanamuziki. Bendi nyingi unazoziona leo zinakodi, na sehemu nzuri ya kiingilio chako inaishia kwa mwenye spika kabla mwimbaji hajaona kitu. Nalisema hili ili ukikuta kiingilio cha elfu saba kwa bendi ya watu wanane usione wanakukomoa.

Kipimo changu cha usiku wa zilipendwa ni kimoja. Wimbo wa dansi una sehemu ya kusimulia, taratibu, ndipo chemko lije. Bendi inayoimba ubeti mmoja ikakimbilia chemko haijui wimbo, inajua kucheza kwako tu. Inayokaa kwenye usimulizi mpaka mzee wa meza ya pembeni anaanza kuimba yote kwa macho yaliyofumbwa, hiyo ina kazi yake.

Saa. Bango likisema saa mbili, bendi inapanda saa nne. Hilo mnalijua. Ambalo wageni hawalijui ni kwamba Mbeya baridi inawarudisha watu nyumbani mapema, kwa hiyo muziki mzuri unabanwa kati ya saa nne na saa sita. Kama una watoto au miaka imesogea, chagua bonanza la Jumapili: wanaanza saa kumi jua likiwepo, vyombo havijapoa, samaki mbasa wa kukaanga bado wapo, na saa tatu usiku uko kitandani. Mabonanza nimeyadharau miaka mingi, nimekosea.

Kuhusu kurudi: dereva wa bajaji mpange kabla hujaingia, chukua namba yake, mkubaliane bei na saa. Safari ya elfu mbili ya mchana niliwahi kutajiwa elfu nane saa saba usiku, na nililipa, kwa sababu nilikuwa na shati moja. Vaa koti. Mgeni wa Dar utamjua kwa kaptula.

Jambo la mwisho linahusu tunza. Vikundi vya ngoma mara nyingi ndivyo vinavyolipwa mwisho na kidogo. Nimeshuhudia watu 14 waliotoka kijijini, wamecheza saa mbili, wakaambiwa kilichobaki ni nauli na soda, huku msanii aliyepiga plebeki dakika ishirini ameshaondoka na bahasha. Mshereheshaji alipitisha ndoo ya kuwachangia, sijui ilifika wapi. Sasa mimi siweki kwenye ndoo. Nangoja anayeongoza kuimba ageukie upande wangu, mara nyingi ni mama mtu mzima, nasimama, namshikisha mkononi kwa heshima na "ndaga fijo", asante sana ya Kinyakyusa. Hapo hata wale waliokuwa wanarekodi na simu huanza kuingiza mikono mifukoni.

Jumamosi hii, kati ya mabango 11, nimechagua moja, la kule Foresti. Nimepiga simu. Mpiga drams yupo, alinisalimia mwenyewe, ngoma zinatoka Rungwe, na mwenye ukumbi ameniambia moto utawashwa saa moja na nusu upande wa kuegesha magari. Nitakuwa hapo kwenye moto na wazee kwanza, ndani nitaingia baadaye. Ukiniona, bia usininunulie. Njoo na noti za elfu mojamoja.