Kabla hujachagua taa, angalia ukuta

Vijana wanaotaka kuingia kwenye ubunifu wa mwanga wa majengo huuliza kwanza programu ya kompyuta. Jifunzeni DIALux, toleo lake la bure linatosha kuanzia. Hilo si gumu. Kinachokula miaka ni jicho.

Mwanga ukiwa hewani huuoni. Unachokiona ni ukuta, sakafu, uso wa mtu. Chukua tochi usiku, iweke chini, karibu kabisa na ukuta, umulike juu. Kuta za Mji Mkongwe kule Unguja, za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapendeza sana hivyo: kila bonde na kila kinundu kinajitokeza. Sasa fanya vilevile kwenye ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu mbiombio. Utahesabu alama za mwiko, na mteja naye atazihesabu. Isogeze tochi mita moja nyuma, imulike ukuta kwa mbele: alama zinafifia. Taa ni ileile, umebadilisha umbali na pembe tu.

Ndiyo maana nikipewa mchoro nauliza kuta zitapakwa nini kabla sijagusa taa. Chumba cheupe kinarudisha mwanga mwingi. Kivishe mbao nyeusi, mteja atalalamika kuna giza na fundi ataongeza taa darini. Mara nyingi dawa ni kuangaza ukuta ule unaoutazama ukiingia. Richard Kelly, mbunifu wa mwanga wa Marekani, alilijua hilo: jengo la Seagram, New York, lililokamilika 1958, usiku lilionekana kama linawaka kwa ndani, kwa sababu dari za pembezoni mwa kila ghorofa zilitengenezwa ziwe zenyewe chanzo cha mwanga.

Kuhusu rangi, huku kwetu wengi wamezoea taa nyeupe ya Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), wakiona ya 2700, yenye unjano, wanasema ni hafifu. Usibishane kwa maneno. Washa zote mbili juu ya sahani ya chakula, waache waangalie.

Sasa pesa, ambako wengi huumia. Dukani watakuahidi kamisheni. Ukiipokea, wewe ni muuzaji wa taa, hata kadi yako iseme nini. Dai ada ya ubunifu. Na kwenye orodha yako usiandike "taa ya wati 10" ukanyamaza, maana mkandarasi ataleta yoyote ya wati 10. Andika lumeni (kiasi cha mwanga), Kelvini, Ra (kipimo cha taa inavyoonyesha rangi za vitu) isiyopungua 90 pale rangi zinapohitaji kuonekana vizuri, pembe ya mwanga, na kwa taa za nje IP65, yaani kinga dhidi ya vumbi na maji. Ukanda wa pwani ongeza aina ya chuma. Chumvi ya bahari haina huruma na skrubu za bei rahisi.

Jambo jingine ni ziara ya usiku ya kuelekeza taa baada ya kufungwa. Iandike kwenye mkataba tangu mwanzo, na bei yake. Usipoiandika, ama utaifanya bure, ama fundi umeme ataelekeza taa kadiri anavyoona yeye, mchana kweupe.