Jibu: Binti anagoma kula kwa sababu ya picha za mtandaoni

Dada, pole sana. Umeuliza kama kweli picha za Instagram zinaweza kumfanya binti wa miaka 15 auchukie mwili wake hadi agome kula usiku. Zinaweza, na hali hii ilionekana hata kabla ya simu hizi. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa na mtu akikonda watu waliingiwa na hofu, televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka huo, akarudi 1998. Waliojitapisha ili wapungue walikuwa wametoka sifuri hadi asilimia 11.3. Miaka mitatu tu!

Na wale wa kwenye televisheni walikuwa waigizaji wa mbali. Binti yako anajilinganisha na mwanafunzi mwenzake, ambaye kiuno kimebanwa kwa programu na chunusi zimefutwa kwa filta. Hapo panauma zaidi.

Usimnyang'anye simu, atatumia ya rafiki. Kaeni pamoja akuonyeshe akaunti zinazomnyong'onyeza, aache kuzifuata mwenyewe. Na nyumbani komesheni maneno ya "siku hizi umenenepa", hata yakitoka kwa shangazi. Ukigundua anajitapisha chooni au hedhi imekatika, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo.