Fupaja "linaongezeka" liende wapi?

SWALI: Mwalimu, niandike "mfupa wa paja" au "fupaja"? Nimeuliza kwa sababu daftari la mwanangu lina sentensi hii: "Fupaja la mtoto linaongezeka mpaka awe mtu mzima." Je, "fupaja" ni Kiswahili sanifu?

JIBU: Yote mawili ni sawa. "Fupaja" ni mfupa na paja vilivyobanwa vikawa neno moja, na vitabu vya sayansi hulitumia bila wasiwasi. Mfupa wenyewe ni neno la Kibantu la tangu zamani. Wachewa wa Malawi nao husema "fupa". Upatanisho wake: fupaja hili, mafupaja haya. Swali lako limekwisha.

Langu ndilo linaanza. Umelipitaje hilo "linaongezeka" kana kwamba hukuliona?

Siku hizi kila kitu kinaongezeka. Bei haipandi, inaongezeka. Mto haujai, unaongezeka. Joto halizidi, linaongezeka. Kitenzi kimoja kimetwishwa mzigo wa vitenzi kumi, na wenzake wamekaa kivulini hawana kazi. Ukiniambia watoto wa jirani wameongezeka, nitauliza nani kazaliwa. Sitauliza wamefika kimo gani. Basi mtu akiniambia fupaja la mtoto linaongezeka, namtazamia huyo mtoto aje na paja la tatu.

Tena mifupa, ukiihesabu, hupungua! Mtoto mchanga huzaliwa na vipande vinavyokaribia 300, vingi vikiwa bado na gegedu ndani yake, ile tishu inayopindika kama ya sikio. Mtu mzima anabaki na mifupa 206. Haikudondoka njiani, imeungana. Vipande vya fuvu, vilivyoachana kiasi kwamba utosi wa mtoto hudunda ukiugusa, hushikana. Nyonga kila upande huanza na mifupa mitatu ikaishia kuwa mmoja. Pingili tano za chini ya kiuno nazo huwa mfupa mmoja.

Na fupaja, ambalo ndilo refu kuliko mifupa yote mwilini? Linarefuka, bwana. Karibu na kila ncha yake pana bamba la gegedu. Seli za hapo hugawanyika na kuisukuma ncha mbele, na gegedu linaloachwa nyuma hugeuka mfupa mgumu. Wakati huohuo fupaja linanenepa kwa nje, chini ya utando unaolifunika, huku kwa ndani likichimbwa ili uboho upate nafasi. Balehe ikishapita, kwa wasichana mapema kuliko wavulana, lile bamba nalo hugeuka mfupa. Hapo fupaja limekomaa, kurefuka basi. Hesabu mwenyewe: kushikana, kuungana, kurefuka, kunenepa, kukomaa. Vyote vya kwetu, na hakuna hata kimoja kilichokataa kufanya kazi.

Nikiwa nimeamka vizuri nitavumilia "urefu wa fupaja unaongezeka", maana urefu ni kipimo, na vipimo huongezeka. "Linakua" pia sina ugomvi nalo, ingawa halisemi linakua kwenda wapi.

Kwenye daftari la mwanao andika: "Fupaja la mtoto hurefuka mpaka linapokomaa." Na aliyemwandikisha "linaongezeka", hebu mwulize kwa niaba yangu: sasa yamefika mangapi?