Samaki aina ya Cyprichromis wanajibana kona moja ya tenki kila taa ikiwaka

Mkuu, umeuliza mbona Cyprichromis wako wanajibana kona, na umesema unao sita kwenye tenki la lita 500, basi tatizo ndo hilo, hawa kule Ziwa Tanganyika wanatembea kundi kubwa mno kwenye maji ya wazi, sita kwao ni kama wako peke yao. Ongeza wasipungue 12, majike wawe wengi kuliko madume. Taa ya tenki usiiwashe ghafla, tangulia ya sebuleni kwanza wazoee mwanga. Na mfuniko ziba mpaka lile tundu la kupitishia waya, wakishtuka wanaruka nje, asubuhi unawaokota sakafuni wamekauka. Mawe weka chini tu, katikati na juu waachie waogelee. Ila hao mbuna (samaki wa mawe wa Ziwa Malawi) uliowaweka nao watoe aisee, wakorofi sana wale.