Barua ya mchumba ilivukaje mstari wa vita?

SWALI: Shikamoo mhariri, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpwapwa. Naandika riwaya ya mapenzi ya Kikristo inayotokea Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hannah anakaa Philadelphia, mchumba wake Samuel ni askari wa Kusini, yuko Virginia. Mwaka 1863 wanaandikiana kila wiki, kurasa nnenne, barua zimefungwa kwa lakiri. Rafiki yangu aliyesoma sura tatu anasema barua hizo zisingefika. Ni kweli? Na kama ni kweli, nimebakiwa na riwaya gani?

JIBU: Marahaba mwalimu. Amina. Rafiki yako yuko sahihi, mnunulie soda.

Posta ya Kaskazini iliacha kupeleka barua kwenye majimbo ya Kusini yaliyojitenga tangu mwisho wa Mei 1861. Wapo waliovusha barua kwa magendo, lakini njia halali ilikuwa ya bendera nyeupe: barua zilikusanywa Fort Monroe, ngome ya huko huko Virginia iliyobaki mikononi mwa Kaskazini, zikapandishwa melini na kukabidhiwa upande wa pili. Masharti yalikuwa makali. Ukurasa mmoja, bahasha isifungwe, habari za nyumbani tu. Ofisa asiyekujua alisoma kila neno kabla halijavuka.

Mimi ningefurahi. Ulikuwa na barua ndefu tamu zisizozuiwa na chochote, na kwa kweli nilipozisoma nilisinzia. Sasa Hannah ana ukurasa mmoja, na mwanamume mgeni anamchungulia begani. Ataandika nini? Labda ataeleza habari za ng'ombe na mafua ya mama, kisha chini kabisa aweke "Ruthu 1:16" bila kuongeza neno. Ofisa ataona binti mcha Mungu. Samuel atafungua Biblia akute "Usinisihi nikuache." Hapo imani inabeba hadithi, wala huhitaji mchungaji ahubiri kurasa sita kama ulivyomfanya katika sura ya tatu.

Lakini kuna jambo zito kuliko posta, nalo hukuliuliza. Nyumbani kwa kina Samuel kuna mpishi. Hana jina. Analeta chai, analia Samuel akienda vitani, basi. Mwalimu, huyo mama ni mtumwa, na vita vyenyewe vinapiganwa kwa sababu ya watu kama yeye. Makanisa yalikuwa yameshapasuka juu ya jambo hilo kabla ya risasi ya kwanza: Wamethodisti mwaka 1844, Wabaptisti mwaka 1845. Lincoln mwenyewe, rais wa Kaskazini, katika hotuba yake ya tarehe 4 Machi 1865, alisema pande zote mbili zinasoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja. Riwaya ya Kikristo ikipita hapo kimyakimya, msomaji atajua mwandishi ameogopa.

Tena ndoa ya huyo mpishi haikutambuliwa na sheria ya Kusini. Mumewe angeweza kuuzwa Jumatatu, na wapo wahubiri waliobadili kiapo cha watumwa kikawa "mpaka kifo au umbali utakapowatenganisha". Umbali! Baada ya vita waliowekwa huru walitafutana kwa matangazo ya magazeti: namtafuta mume wangu, aliuzwa kutoka mahali fulani, mwenye habari aniandikie. Gazeti la The Christian Recorder, la AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, liliyachapa, na wachungaji waliombwa wayasome mbele ya waumini. Wewe unayejua matangazo ya Jumapili yanavyorefuka, fikiria moja la namna hiyo linasomwa na mzee wa benchi la nyuma anainuka taratibu. Gazeti hilo lilichapwa Philadelphia, mji wa Hannah wako. Kwa jicho langu mapenzi makubwa ya riwaya hii yako jikoni, na Hannah na Samuel wanaweza kuwa njia ya kuyafikia.

Usiseme utumwa wa Virginia uko mbali na wewe. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapo hapo Mpwapwa ikielekea Bagamoyo, na wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walikuwa wameshafika miaka ya 1870. Kaa na wazee, sikiliza wanavyoisimulia njia ile. Mwendo wa miguu yenye minyororo hautaupata kwenye intaneti.

Madogo madogo. Hannah hawezi kuimba "Ndiyo dhamana", kwa kuwa Fanny Crosby aliutunga mwaka 1873. Mpe "Mwamba wenye imara". Maneno yake ya Kiingereza yalikuwapo tangu karne ya 18. Jeshi la Lincoln usiliite jeshi la Muungano, maana msomaji wa Dodoma atafikiria Zanzibar, andika Kaskazini. Na ile sala ya sura ya tatu, inayojibiwa kabla Hannah hajainuka magotini, icheleweshe mpaka Samuel awe amekosea jambo lisilofutika.

Anza na barua ya kwanza. Ipunguze iwe ukurasa mmoja, unitumie hiyo tu.