Kujiunga na utafiti wa vinasaba wa All of Us: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama ujiunge na All of Us, ule utafiti mkubwa wa afya na vinasaba wa Marekani, au ni mtego wa kutafuta damu ya weusi wa kufanyiwa majaribio. Mimi nilijiunga, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mama yangu alifariki kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 41. Daktari akanishauri nipime vinasaba. Majibu yalipotoka, kwenye jeni ya BRCA2 (ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti) kulikuwa na badiliko moja, na mbele yake yameandikwa maneno matatu tu: "Maana yake haijulikani." Nikamuuliza mshauri, sasa nina hatari au sina? Akazungusha kalamu weee, kisha akasema badiliko hilo halijaonekana kwa watu wa kutosha, na wengi waliomo kwenye kanzidata wana asili ya Ulaya. Yaani mashine ilisoma sawasawa, ila watu kama mimi wa kunilinganisha nao ndio hawakuwepo. Nilitoka pale na hasira ambayo hata sikujua nimwelekezee nani.

Baadaye nikaanza kusoma. Mwaka 2016 watafiti Popejoy na Fullerton walihesabu wakakuta 81% ya watu kwenye tafiti za kuhusisha jeni na magonjwa ni wa asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika walikuwa kama 3%. Mwaka huohuo ikaonekana kwamba kuna Wamarekani weusi walioambiwa wana badiliko la kurithi linalonenepesha misuli ya moyo, kumbe ni badiliko la kawaida kwa watu weusi na halina madhara. Hebu fikiria umeishi miaka yote hiyo unaogopa hata kukimbia! Na kosa hilo lingeweza kuepukwa kwa kuweka weusi wachache tu kwenye kundi la kulinganishia.

Na weusi wakiingizwa kwenye tafiti, si sisi tu tunaofaidika. Huko Dallas waligundua kwamba takribani 2% ya weusi wana mabadiliko yanayozima jeni ya PCSK9, na lehemu yao mbaya (kolesteroli) iko chini tangu kuzaliwa. Ugunduzi huo ulisukuma dawa za sindano za kushusha lehemu hiyo, zilizoidhinishwa mwaka 2015, na leo anadungwa mtu wa rangi yoyote.

Kujiunga kwenyewe si kazi. Unasoma fomu ya ridhaa (isome kweli, usibonyeze tu), unajibu maswali, unaruhusu waone rekodi zako za hospitali, unapimwa presha na kiuno, unatoa damu na mkojo. Mimi nilipewa dola 25. Majibu yanachelewa, usiyasubiri mlangoni. Na kuhusu hatari ya magonjwa, wanakuletea yale tu yanayojulikana kuwa na madhara, kwa hiyo lile badiliko langu hata hawakuligusa. Kama unakwenda kutafuta jibu la swali lako binafsi, utarudi mikono mitupu kama mimi. Ila mwaka 2024 walitoa jenomu (seti nzima ya vinasaba vya mtu) zaidi ya 245,000, 77% zikiwa za makundi yaliyokuwa yakiachwa nje, na humo mna mabadiliko zaidi ya milioni 275 ambayo hayakuwahi kuripotiwa. Namba hiyo ndiyo iliyonifanya nisijute.

Hofu yako siidharau. Tuskegee, ule utafiti wa serikali ya Marekani kwa wanaume weusi, ulidumu kuanzia 1932 hadi 1972, watu wakiachwa na kaswende hata dawa ilipopatikana. Leo unaweza kujitoa, ingawa data iliyokwisha kutumika hairudi. Sheria ya Marekani ya GINA ya 2008 inamzuia mwajiri na kampuni ya bima ya afya kukubagua kwa vinasaba vyako. Bima ya maisha haimo, hilo watu wengi hawalijui. Kama unaifikiria, kata kwanza, ndipo ukapime. Mimi nilifanya kinyume, na ile fomu ya bima bado iko kwenye droo, sijaijaza.